Sufuria za Maman Béa Mbele ya Bunge

Evere, Bruxelles

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Habari za hapo Likasi, habari za nyumba na za watoto wako, na za wale wengine wote uliowapokea kwa mikono yako? Mgongo wako je, umetulia? Mimi ni mzima, ila baridi imenishika mpaka siku hizi nakunywa supu yao isiyo na chumvi na kuisifia. Barua hii anakuletea Papa Ngoie wa parokia yetu, anakuja kumwoza binti yake. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikianza kueleza unaniambia nifupishe, na jambo hili halifupishiki.

Tangu uliponiambia kwamba msaada wa Ubelgiji unaolipia dawa, mafuta ya jenereta na mishahara ya wakunga utakatika mwaka ukiisha, na kwamba umepata kazi kwenye zahanati ya kampuni ya mgodi kule Kolwezi, sijatulia. Nipo kazini kwenye nyumba ya wazee huko Woluwe, namlisha bibi wa watu, huku nakuona wewe unafunga mlango wa maternité, wodi yako ya uzazi, na kutia ufunguo mfukoni. Nilikasirika, Yaya. Uamuzi wenyewe unafanyika hapa hapa, mwendo wa basi moja kutoka kwangu, nami nimekaa tu.

Basi nikajiunga na kampeni ya kuitaka serikali isipunguze fedha za misaada ya nje. Anayetuongoza ni binti Mbelgiji anaitwa Lotte, ana haraka kila saa lakini moyo wake ni mzuri. Alitutafutia miadi na mbunge mmoja, mama wa makamo wa chama kilichomo serikalini, ambaye yumo kwenye kamati itakayopigia kura makato hayo. Akatufundisha: hoja tatu tu, tusilie, tusizidishe maneno. Tuliochaguliwa ni mimi na Maman Béa, kiongozi wa akina mama wa parokia, pamoja na wenzake wawili.

Sasa sikia. Lotte hakutuambia tusije na chakula, kwa sababu kwao hakuna anayeweza kuwaza kitu kama hicho. Na Maman Béa hakumwambia kwamba atapika, kwa sababu kwetu jambo hilo halitangazwi. Siku yenyewe nawaona akina mama wanashuka kwenye tramu na vitenge vyao vya sherehe, kila mmoja na sufuria yake: bukari ya unga wa mahindi, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga. Nilicheka, halafu nikaingiwa na hofu. Lakini ningemsema nani? Mimi mwenyewe nilikuwa na mfuko wa mandazi.

Kwenye mlango wa Bunge mlinzi akatuzuia. Akashuka msaidizi wa mbunge, bwana mmoja mpole, akaeleza kwa Kifaransa kwamba mbunge haruhusiwi kupokea zawadi kutoka kwa watu wanaokuja kumwomba jambo. Mtu akipiga picha, kesho itasemwa amehongwa. Lotte akawa mwekundu mpaka masikioni. Maman Béa Kifaransa anakisikia vizuri sana, ila akikasirika anakikataa, akanigeukia mimi.

"Huyu anasema shiye tunamuletea rushwa?"

"Maman, ni sheria yao."

"Bon. Umwambie miye rushwa naijua, nimetoka fasi yake. Rushwa habaipikake mu sufuria."

Nikamtafsiria yule bwana nusu yake tu, kwamba rushwa haipikwi kwenye sufuria.

Sufuria zikakataliwa kuingia, na Maman Béa akakataa kuingia bila sufuria. "Alors tukule hapa inje," akasema, akavuka barabara na kuingia kwenye bustani iliyo mbele ya Bunge. Nilitaka kulia kwa hasira. Niliona maternité yako inapotea kwa ajili ya sombe. Lotte alibaki amesimama na karatasi yake ya hoja tatu, hajui amfuate nani. Pale bustanini walikuwepo wenzetu wa kampeni na mabango yao, wameloweshwa na manyunyu tangu asubuhi, na hakuna aliyekataa sahani.

Saa ya miadi ikapita. Mbunge akauliza wageni wake wako wapi, akashuka mwenyewe bila mwavuli. Akasema mara moja kwamba hawezi kula.

"Asikule," Maman Béa akasema, anampangusia benchi kwa pindo la kitenge. "Lakini aikale. Muntu anaweza kuikala na batu benye kukula, hapana problème."

Yaya, aliketi. Kule ofisini tungepewa muda mfupi na meza katikati yetu. Pale aliketi mpaka sufuria zikabaki tupu. Hoja tatu zikasahaulika. Aliniuliza mambo ya kawaida kabisa: mama akizidiwa usiku mnatumia taa gani, mnamsafirisha na nini, nani yuko pale leo. Nikamwambia wakunga wengine wameanza kuondoka, dada yangu bado yupo. Akaniuliza kama mlango uko wazi. Nikasema uko wazi. Habari za Kolwezi sikumwambia.

Hakuahidi kura yake. Alisema chama chake kimeshaamua kukata, ila wapi pa kukata bado panajadiliwa, na akisema peke yake hatasikilizwa. Juzi Lotte akanipigia, anacheka na kulia pamoja: kamati imekubali kusikiliza mashahidi kabla ya kura, na mbunge amemtaja mkunga wa Likasi. Ni wewe. Utaongea nao kwa video, na Papa Ngoie ana simu nzuri, atakuazima. Niliketi kwenye ngazi za kazini nikalia kwa furaha, mpaka yule bibi ninayemlisha akanipa pole ya msiba.

Sijui kama tutashinda. Lakini fedha za afya zinaweza kuokolewa hata mengine yakikatwa, naliona hilo sasa, na zamani sikuliona. Kama ni lazima uende Kolwezi, nenda. Una watoto wa kusomesha, na si mimi ninayelala hapo. Ila uniambie mapema, nimpelekee mbunge ukweli mimi mwenyewe. Na kama unaweza kusubiri mpaka siku ya kamati, nakuomba usubiri.

Msalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji na utani wake, Tonton Kabwe mwalimu wa kwaya, na wakunga wenzako waliobaki. Maman Béa anakusalimu pia, anasema wewe ni mtoto wake tangu siku ile ya bustanini.

Na Yaya, nakujua. Wakikupa nafasi utaanza kuwashukuru: asante kwa jenereta, asante kwa dawa, asante Ubelgiji, mpaka muda uishe. Usianze na asante. Waambie ukifunga mlango huo wanawake watazalia wapi. Kisha unyamaze, waongee wao.

Mdogo wako anayekupenda na kukutegemea,

Solange