Kulungu wa Rangi ya Chungwa

Kivi Lake, Michigan
4 Novemba 1984

Mama Hilja,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Minnesota? Shemeji Ray aliniambia kwa simu kwamba daktari amekubadilishia dawa na kwamba sasa unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Tulifurahi kusikia hivyo. Sisi huku tu wazima. Senja amepona kikohozi, jino lake la mbele limeanza kulegea, na theluji ya kwanza imekwisha kuanguka. Kuni zipo za kutosha mpaka baridi iishe na chakula hatujakosa. Nimeyaandika haya kwanza kwa sababu najua ndiyo utakayoyatafuta.

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma, nikaiweka juu ya friji, nikaishusha, nikaisoma tena. Unasema Ray atakuja na gari kabla ya Sikukuu ya Shukrani, nimfungashie Senja nguo na vitabu vyake, akae kwako mpaka mambo yatulie. Unasema dereva wa lori la magogo hawezi kulea mtoto wa kike. Unasema Halowini ni sikukuu ya shetani, na kwamba marehemu Baba Urho angejua mjukuu wake anavalishwa ngozi ya mnyama na kutembezwa milangoni kuomba peremende, angegeuka kaburini. Tena unasema umesikia kwa rafiki yako wa huku, Lillian, kwamba mtoto aliponea chupuchupu kuuawa kwa sababu ya vazi nililomshonea. Hilo la mwisho ni kweli, Mama. Afadhali ulisikie kwangu, maana habari ikipita mdomoni mwa Lillian hutoka imenenepa.

Yalianza mwezi wa tisa. Senja alinijia jikoni akasema mwaka huu anataka kuwa kulungu. Nilimwuliza kwa nini asiwe malkia au paka kama wenzake. Akanieleza polepole, kama mtu anayezungumza na mzee asiyesikia vizuri, kwamba huku kila mtu anataka kumwona kulungu. Baba anataka, jirani yetu Dale anataka, na dukani watu wanaulizana, "Umemwona? Umemwonea wapi?" Basi yeye akiwa kulungu, watu wote watafurahi kumwona. Mama, mtoto aliyefiwa na mama yake akikuambia anataka watu wafurahi kumwona, wewe ungemjibu nini? Mimi nilikwenda kununua kitambaa.

Cherehani ya marehemu Verna wangu ilikuwa imefunikwa tangu mazishi. Niliifunua nikaipangusa vumbi. Mikono yangu unaijua ilivyo, uliwahi kusema kwenye harusi yetu kwamba pete imevishwa kwenye gogo. Sindano ilikuwa ikinipotea vidoleni nikiwa nimeishika. Siku moja nilikuwa nikipiga bandi kwa mkono mguu wa kulungu, nimeulaza pajani, na nilipotaka kusimama nikagundua nimeushona pamoja na suruali yangu. Senja alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikafumua. Nikashona mkono mmoja ndani nje, nikafumua tena. Lakini nilikumbuka alivyokuwa akisema Verna, kwamba vazi la Halowini la huku hupimwa mtoto akiwa amevaa koti lake la baridi, la sivyo siku yenyewe ikifika vazi linamezwa na koti na hakuna ajuaye mtoto amekuwa nani. Kwa hiyo nilimpima Senja amevaa koti, jua likiwaka, jasho likimtoka, amesimama wima juu ya kiti bila kulalamika.

Sitajifanya mnyenyekevu, Mama. Vazi lilitoka zuri. Kifua cheupe, masikio yenye waya ndani ili yasimame, kahawia ileile ya kulungu wa majira haya. Nilikuwa pia na mkia wa kulungu dume niliyempiga mwaka jana, umekauka vizuri, mweupe upande wa chini. Niliushona nyuma. Mtu wa mji mkubwa kama Detroit asingelifanya kosa hilo. Sisi wa huku ndio tunaomtambua kulungu kwa mkia kabla hata hatujaona kichwa, na ndiyo maana nilitaka mkia uwe wa kweli.

Jumamosi moja mchana, mwezi wa kumi, Senja alilijaribu, akakataa kulivua. Nilikuwa nikiosha vyombo. Alitoka kwa mlango wa nyuma akaenda kwenye miti yetu ya matofaa, ambako kulungu huja kula matunda yaliyoanguka, akainama kama wanavyoinama wao. Ulikuwa msimu wa kuwinda kwa upinde. Dale alikuwa amekaa juu ya mti kwenye mpaka wa shamba lake, kama akaavyo kila mwaka. Aliona mgongo wa kahawia. Aliona mkia. Akavuta upinde.

Kilichomwokoa mtoto ni viatu vyake vya mpira vyekundu. Dale aliviona, akaushusha mkono. Alikuja mlangoni kwangu bila upinde, uso umekuwa kama maziwa, amemshika Senja mkono, na Senja akinisimulia kwa furaha kwamba Dale alidhani yeye ni kulungu kabisa. Dale alikaa kwenye ngazi. Akasema, "Reino, umeshona vizuri mno. Hilo ndilo kosa lako." Hayo Lillian hakukuambia kwa sababu hakuyaona.

Basi, usidhani sijui ninachokilinda. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami niliujua siku ile mpaka mifupani. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Lakini walikuja kunieleza wote. Dukani walinishauri nilichome vazi. Mwalimu wake, Bibi Sundberg, alinipigia simu kwa upole mwingi, akasema shule ina kofia ya mchawi ya akiba ambayo Senja anaweza kuazima. Lillian alileta kinyago cha plastiki ndani ya mfuko akakiweka mezani, akasema mambo ya nguo za watoto yana wenyewe. Nilimshukuru kwa kinyago, nikamfungulia mlango atoke.

Senja mwenyewe hakuelewa mara moja. Watoto wa jirani ndio waliomweleza. Alilivua vazi, akalikunja, akaliweka magotini pangu, akasema, "Baba, kumbe wakimwona wanafurahi ili wampige."

Nilikuwa nimekata shauri la kulichoma, Mama. Nakiri. Niliposikia maneno hayo nikabadili. Nilisema moyoni, hapana, mtoto huyu hatajifunza kwangu kwamba ukitaka kuonwa utapigwa, basi bora ujifiche. Nilikwenda chumbani nikatoa koti langu la kuwindia, lile la rangi ya chungwa inayoumiza macho, tunalovaa kwa sheria ili tusipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Nikalitia mkasi. Unajua vizuri maana yake, umeishi na mwindaji. Msimu wa bunduki unakaribia, na hakuna mwanamume huku anayelikata koti lake wakati huu. Wenzangu wa lori walipoona nimeliharibu walinicheka mchana kutwa. Mmoja akauliza, "We Reino, msituni utaingia na aproni?" Nikamwambia mwaka huu siingii, na aproni ninayo, tena yenye maua, akiitaka nitamwazima.

Nilishona upya kulungu mzima kwa kitambaa cha koti lile. Masikio ya chungwa, kwato za chungwa. Mkia wa kweli niliutupa nikafuma mwingine kwa sufu ya chungwa, ukatoka mnene kuliko ulivyopaswa. Mabaki ya koti yalikuwa na kibandiko cha namba ya leseni ya kuwinda mgongoni, nikakiacha kwa sababu Senja alikipenda. Ungemwona kutoka ng'ambo ya ziwa.

Siku ya maandamano ya mavazi shuleni ukumbi ulijaa wazazi. Nilimwona Lillian kwenye safu ya mbele amekunja mikono. Senja alipoingia kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Mtoto mmoja mkubwa aliyevaa kama mzimu alimwambia kwa sauti kwamba hakuna kulungu wa rangi ya chungwa duniani. Nilianza kuinuka. Lakini Senja alisimama katikati ya mstari, akamwambia, "Yupo. Ni yule asiyepigwa." Halafu akaendelea na safari yake, mkia unatikisika. Mama, wanaume wenye ndevu walipiga makofi, na wengi wao walikuwa wamevaa makoti ya rangi hiyohiyo.

Jioni ilipoanza kuingia theluji ilikuwa inaanguka, na tulizunguka na foronya yake ya kutilia peremende nyumba kwa nyumba. Watoto wengine walikuwa malkia na majambazi waliofunikwa na makoti, hujui nani ni nani. Wangu alijulikana kila mlango. Tulipofika kwa Dale, alifungua, akamtazama, akapiga goti moja kwenye theluji. Alimimina bakuli zima la peremende kwenye foronya. Senja akamwambia asante, kisha akamshika bega kama anavyonishika mimi nikirudi kazini nimechoka.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Uliandika kwamba Baba Urho asingekubali. Kuna jambo ambalo Verna alinieleza hospitalini, wiki yake ya mwisho, nami nilimwahidi sitalitamka. Leo naivunja ahadi hiyo, wala sioni haya, kwa sababu aliitaka ili usiumie wewe, naye hakujua kwamba kimya chake kingekuja kutumika kumnyang'anya mtoto wake baba.

Verna alipokuwa na miaka saba alitaka kuwa dubu. Hakuthubutu kukuomba. Alimwambia baba yake, na Baba Urho, mzee wa kanisa, mtu ambaye sisi wote tulimwogopa, hakumjibu kitu. Siku ya Halowini wewe ulikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Alimwita Verna kwenye kibanda cha sauna, pale mlipoogea mvuke. Alikuwa amekata blanketi la farasi akashona vazi la dubu, kwa shazia, ile sindano nene, na uzi wa nta aliotumia kushonea hatamu. Alikuwa ameketi na lile dubu mapajani, anamalizia sikio. Alimvalisha, akawasha taa ya kandili, akampeleka ng'ambo ya reli ambako hakuna watu wa kanisa lenu, akawa anasimama barabarani kwenye baridi wakati Verna anabisha hodi. Kisha wakarudi kwenye sauna wakala peremende pamoja, wote wawili, na baada ya hapo akalitia dubu ndani ya jiko. Blanketi ulilitafuta, akakuambia limeliwa na panya. Alimwambia Verna, "Mama yako ni mtu mwema. Tusimsumbue."

Verna alinisimulia haya akicheka, na kucheka kulimuuma. Alisema katika utoto wake wote hakuna siku aliyojiona ana baba kama siku ile. Akasema, "Reino, na Senja naye ashonewe. Usimnunulie." Kwa hiyo ukitaka kujua nani aligeuka kaburini, mimi nadhani Baba Urho aligeuka ili aone vizuri zaidi.

Najua barua hii itakuumiza. Umempoteza mume, ukampoteza binti, nami nakuletea habari kwamba walikuwa na jambo lao bila wewe. Nasikitika kwa hilo kwa moyo wangu wote. Lakini sisikitiki kwa vazi, wala kwa koti, wala kwa kukukatalia. Senja haendi. Mwambie Ray aje kama anataka, atakula, atalala, tutampashia sauna, lakini gari litarudi kama lilivyokuja. Ukienda mahakamani nitakuja na vazi nilitandaze mbele ya jaji, na kosa langu la kwanza nitalieleza mwenyewe kabla hajaniuliza. Mimi nilimtia mwanangu hatarini kwa mikono hii, na kwa mikono hiihii nikamtoa. Baba ni huyo. Hana mwingine.

Ila ukitaka kuja wewe, si kumchukua, kuja tu, njoo. Chumba cha upande wa jua ni chako, na ngazi za huku nitakushika mkono kama magoti yatakataa.

Msalimie Ray na watoto wake, na wote wa kanisani wanaoniombea, hata wale wanaoomba nibadilike. Senja anakusalimia sana. Nilipomwambia ninakuandikia, aliniuliza bibi alipokuwa mdogo alitaka kuwa nani. Nilimwambia sijui, sidhani kama kuna mtu aliwahi kumwuliza. Alifikiri kidogo, akasema nikuulize, na kwamba ukitaja, baba atashona.

Mkweo,
Reino Lahti