Jumamosi Niliyomnyima Mkuu wa Chuo

Mama mpendwa,

Unaendeleaje huko Suna? Goti limepoa, ama bado linakusumbua? Usiniambie uko sawa kama hauko sawa, nakujua. Mimi huku Homa Bay ni mzima, ni uchovu tu.

Najua umesikia kwa watu kwamba nimekosana na mkuu wa chuo. Si uongo, lakini afadhali uyasikie kwangu.

Hapa chuoni kila idara ilikuwa na programu yake ya kuchapa. Mtihani ukitoka kompyuta moja kwenda nyingine, unaharibika. Muhula uliopita wanafunzi wa ufundi bomba walipewa karatasi isiyo na mchoro hata mmoja, wakabaki kutazamana. Basi mkuu akaamuru kompyuta zote ziwekwe programu moja kabla ya mitihani kuchapishwa Jumatatu. Kazi ni yangu mimi fundi wa kompyuta, na niifanye Jumamosi, ofisi zikiwa hazina watu.

Mama, niliogopa. Kandarasi yangu inaisha mwezi huu na yeye ndiye anayeitia sahihi. Lakini nilimwambia siku ya Sabato sigusi kompyuta, anipe Jumapili. Akasema Jumatatu ikifika kabla sijamaliza, nitafute kazi kwingine. Nikajibu sawa.

Jumapili Bi. Perpetua, sekretari wetu, alitoka misa ya kwanza akaja moja kwa moja kunifungulia ofisi. Yeye alihifadhi kazi za walimu, mimi nikaweka programu. Kompyuta ya mwalimu wa umeme ilinitesa mpaka nikataka kuipiga teke. Nikaifuta yote nikaanza upya. Mimi nishindwe na chuma?

Jumatatu mitihani ilichapishwa, kila mchoro mahali pake. Mkuu alifungua karatasi kwenye kompyuta hii, akaenda ile. Kisha akasema bila kunitazama, akiniita binti wa Suna kama mnavyoniita nyumbani:

"Nyar Suna, tawi letu la Oyugis nalo linahitaji kazi hii. Utaanza Jumapili gani?"

Nilienda chooni nikalia kidogo, halafu nikanawa uso nikarudi kazini.

Msalimie baba, na shangazi anayeuza dagaa wa omena sokoni. Mdogo wangu mwambie asome. Kandarasi bado haijatiwa sahihi, Mama. Lakini hata akirudi kuniomba Jumamosi, jibu langu ni lile lile.

Ni mimi bintiyo,
Atieno