Ufagio wa Mshauri

Jumatatu, 4 Mei

Chuo kimefungwa kwa sababu ya gonjwa, wanafunzi wametawanyika, na mimi mshauri nasaha wao nimepata ofisi mpya: kabati la nguo! Nakaa juu ya kapu la nguo chafu, simu sikioni, makoti ya mume wangu yakinipapasa kisogo. Ndiyo sehemu pekee yenye utulivu. Ingekuwa na utulivu — kama jirani wa chini asingekuwa anaimba. Wimbo mmoja, ubeti mmoja, sauti ya mbuzi aliyefungwa vibaya. Huku mwanafunzi analia, kule yeye anapandisha.

Nimetoka, nimegeuza ufagio, nimegonga sakafu kwa mpini. Dum! Dum! Kimya. Nikarudi kabatini kuendelea kufundisha watu subira.

Jumatano, 6 Mei

Kaimba tena. Nilikuwa na mtu kwenye simu, nikamfanyia mume wangu ishara. Yeye ni kinyozi, saluni imefungwa, hana wa kunyoa. Kaninyoa mimi, matokeo nayaficha kwa kitambaa. Kazi ya ufagio kaipokea kwa mikono miwili! Anagonga mpaka vikombe vinacheza.

Jumatatu, 11 Mei

Kimya tangu juzi. Tumeshinda!

Jumanne, 12 Mei

Mpigaji mpya. Kwenye laini yetu ya ushauri hakuna majina: wao hujichagulia la utani, mimi ni Dada Mshauri tu. Wao ndio wanaopiga, namba zao hatuzioni. Huyu kajiita Kobe. Hosteli zilipofungwa akapanga chumba, yuko peke yake. Hajaongea na mtu ana kwa ana tangu hapo. Masomo ya mtandaoni hayamwingii. Anataka kuacha chuo — mwaka wa mwisho! Begi keshalifunga.

Nikamuuliza nini kilikuwa kinamsaidia. Kuimba, akasema. Ila jirani wa juu kamgongea mpaka kaacha. Sasa akisikia tu hatua huko juu, anabana pumzi.

Nilipandwa na hasira! Watu wengine wana roho gani? Nikamwambia hivyo hivyo, taratibu za kazi zikae pembeni. Tukatunga maneno pamoja: atapanda, atapiga hodi, atajieleza kwa adabu, ataomba waelewane. Tukayarudia, na pa kuvuta pumzi tukapapanga, hadi sauti yake ikaacha kutetemeka. Nimetoka kabatini nikijiona nafaa.

Alhamisi, 14 Mei

Mungu wangu.

Kobe kapiga. Kupanda bado anaogopa. Nikasema basi niimbie mimi kidogo, mimi sigongi. Kaanza taratibu. Kwenye simu sauti tamu, sikuitambua! Halafu akakolea, na wimbo ukaniingia kwa masikio mawili: moja kwa simu, jingine kwa sakafu. Ubeti ule ule. Mbuzi yule yule.

Kabla sijafungua kabati — dum! dum! dum! Kinyozi wangu yuko kazini.

"Umemsikia, Dada?" Kobe kasema. "Ndiye huyo. Hana utu kabisa."

Nikasema nimemsikia. Nilitaka kumwambia ukweli, ulimi ukagoma. Yeye kasema amechoka kuogopa, kesho anapanda, maana sasa yuko mtu mmoja anayemwamini. Mimi! Akikuta ni mimi, atamwamini nani tena? Na asipofunguliwa, kasema mwenyewe: anarudi kwao, chuo basi.

Namba yake sina. Siri ya mpigaji ni siri, kwa hiyo mume wangu nimemwambia tu kwamba ufagio umestaafu. Kanuna jioni nzima. Mimi nina aibu mpaka kwenye kucha.

Ijumaa, 15 Mei

Nimefanya mazoezi ya sauti nyingine mbele ya kioo. Sauti nene — mume wangu kaniletea kipimajoto. Sauti nyembamba — kacheka mpaka kakaa chini. Nikamwomba akija mtu yeyote afungue yeye. Kakubali vizuri, kisha kavaa barakoa, kaenda kununua mkate!

Hodi!

Ni yeye. Naandika nimesimama, daftari nimeliegemeza ukutani. Sijaitikia. Anaongea na mlango. Maneno yetu yale yale, pumzi pale pale tulipopanga. Yeye ni jirani wa chini. Samahani kwa kelele. Kuimba ndiko kunakomshikilia. Anaomba saa moja tu jioni, tuelewane. Kayamaliza yote! Machozi yamenitoka, na sijui ni ya furaha au ya kujionea haya.

Viatu vyake vinasuguasugua sakafu. Usiondoke, mwanangu. Usiende kwenye lile begi.

Kaongeza ya kwake, ambayo sikumfundisha:

"Mama, kama unaogopa kufungua kwa ajili ya ugonjwa, naelewa. Hata mimi watu nawaogopa. Wewe gonga tu mara moja, nijue umenisikia."

Mama! Atakuwa kasikia hatua za mwanamke. Kwenye simu mimi ni Dada.

Ufagio uko kushoto kwangu. Komeo liko kulia. Bado amesimama.