Jina Lako Limeondolewa Katika Wimbo wa Mama

Woluwe-Saint-Lambert,
Bruxelles,
9 Novemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Rolande,

Habari za Bukavu? Mgongo umepata nafuu, au bado unapanda mlima na ndoo kama msichana? Sisi huku ni wazima wa mwili. Jémima ameanza kazi ya kutunza wazee kule Jette, na baridi imeshaingia.

Lakini moyo wangu umechafuka, Mama Mdogo, na aliyeuchafua ni Rigobert, kaka yangu wa tumbo moja.

Unajua nyumba yetu ni ya muziki wa zouk: Mama aliimba, sisi wanawe tukapiga, Rigobert gitaa, Jémima kinanda, mimi besi. Unajua pia desturi ya kutupa libanga, muziki ukipoa katikati, mwimbaji anaita jina la mtu wake. Katika wimbo wake wa mwisho Mama alikuwa mgonjwa tayari. Alikataa kiti, akasimama mbele ya maikrofoni, akaita jina lako. Tulilia sote, Rigobert kuliko sisi.

Jumamosi nilikuwa Galerie d'Ixelles nikisukwa nywele, wimbo huo ukapigwa. Nikamwambia msusi atulie amsikie mama yangu akimwita mdogo wake. Ikatoka sauti ya Rigobert: "Papa Mbombo, patron wa magari!" Niliondoka na kichwa nusu kimesukwa.

Nilimfuata kwake. Hakuona hata haya.

"Bon, Bibiane, iko jina tu! Papa Mbombo atatulipia clip ya video, donc lazima tumuite. Ile ya Maman nilishafuta."

Ameifuta! Nasi tulimwachia rekodi zote yeye, maana ni kaka. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Sitapiga naye muziki tena. Jémima analia, eti nisivunje nyumba. Nyumba ameivunja nani?

Najua ulikuwa unaungoja wimbo huo kwa siku ya kuondoa matanga. Usiungoje. Mama alikuita hivi, naandika kabla sijasahau: "Rolande, mutoto ya mama, niko nakuita! Cheza, dada yako iko nacheka!"

Nisalimie Tonton Bienaimé na Bienfait. Mungu akufunike kwa mkono wake, akupe usingizi mwema. Rigobert anakuja huko Krismasi. Akikupa salamu zangu, ujue sikumtuma.

Mwanao akupendaye,
Bibiane