Chumvi Kwenye Gunia la Sukuma

Jumanne, usiku

Bado nina udongo kwenye kucha na sitaki kunawa.

Sukuma wiki ya Mama Awuor, jirani yangu hapa mtaani Sarang'ombe, aliyoipanda kwenye gunia la udongo, inakauka na anaimwagilia kila siku. Leo sikwenda kazini, nikamsaidia kupasua gunia tuone shida ni nini. Mizizi yote ilikuwa imepinda upande mmoja, kama watu wanaokimbia moto.

Naijua hiyo sura. Kwenye maabara ninakofanya kazi, chumvi ikigusa mzizi tu, jeni zake zinaamka kabla jani halijaonyesha chochote. Zinaugeuza mzizi ukimbie. Hauna macho, lakini unajua hatari iko wapi.

"Mama Awuor, kwani uliweka chumvi?"

"Ni ya maombi," akasema, bila kuniangalia. "Kuna kitu hututembelea usiku. Pastor aliniambia nimwage upande kinatokea."

"Kinatokea wapi?"

Akaingia kwake, akafunga mlango. Saa za mchana.

Gunia limeegemea ukuta wa mabati wa chumba changu. Mizizi ilikuwa inakimbia huo ukuta.

Siku hizi natoka kazini usiku, na hupita mlangoni kwake nikinyata, nisiamshe watoto wake.