Birika Uliloliacha Mkekani

Mjukuu wangu Nassor,

Simu zangu hupokei, basi soma. Nimeandika kwa mkono wangu, na kama herufi zimelala ubavu, hiyo ndiyo elimu niliyopewa. Njeri ataipiga picha barua hii aiweke kwenye kundi la simu la mashabiki wa timu yetu. Najua hujajitoa. Umekaa huko Maskati kwa mjomba wako, unasoma kila kitu, kimya kama paka wa jirani. Na wenzako wasome pia, maana nitakayosema yanawahusu.

Wakumbuka ulipopasuliwa goti mara ya pili, ukalala hapa kwangu Al Baraha, mguu juu ya mto? Nilikuwa nakukanda kwa mafuta ya karafuu, na wewe umepanga kokwa za tende kwenye sinia. "Bibi, huyu akikimbilia huku, mimi nampa pale." Sikuelewa hata kimoja. Nikamla mshambuliaji wako, maana yeye alikuwa tende nzima. Ulicheka mpaka ukashika goti. Tangu siku ile nilitaka uchezeshwe. Sikukwambia, kwa sababu mtu akisifiwa na bibi yake huoza.

Kisha zikaja zile Ijumaa za mabishano, mashabiki wenye timu wakikusanyika kwangu kuchagua mchezaji. Nafasi ya usajili imebaki moja: ama wewe, ama yule kijana wa Mombasa anayepiga pasi za nyuma, asiyekosea kwa sababu hajaribu. Sebule yangu ikawa mnada wa samaki.

"Goti limefunguliwa mara mbili!" Haji, mkubwa wao, akipiga kelele, kama yuko dukani kwake Deira anagombana na wapakiaji. "Likifunguliwa tena si bora walitie zipu?"

"Wacha zako, Haji," Njeri akamrukia. "Huyo boy anaona pasi kabla mpira haujamfikia. Sisi tunataka macho yake ama goti?"

"Pasi moja inazaa goli, ya pili anampa adui mguuni."

Opio naye, mlinzi wa geti bandarini Jebel Ali, akasema, "Mimi nasimama kwa geti siku mzima, na goti yangu ni mbovu kushinda ya Nassor. Mbona kampuni haijanifukuza?"

"Kwa sababu geti halikimbii!" Haji akamjibu.

Walibishana hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa, wakala wali wangu, wakaenda zao. Halafu wakakuita uje na birika.

Sasa nisikilize, wewe mwenye kichwa kigumu. Desturi ya kunawisha aliianzisha babu yako, Mungu amrehemu, wakati timu ni ya makuli na madereva. Mchezaji anashika birika na beseni, anawapitia mashabiki mmoja mmoja kuwanawisha mikono, na kila anayenawa anamtupia kejeli usoni. Yeye hajibu. Akimaliza, mkubwa wao anasimama, anampokonya birika, anamnawisha yeye. Hapo khalas, yamekwisha, ni wetu.

Na anayekataliwa hakejeliwi, Nassor. Anayekataliwa anapewa soda na maneno matamu. Yule wa Mombasa walimpa soda! Walikuwa wameshakubaliana juu yako kabla hawajavua viatu mlangoni. Haji mwenyewe, aliyekupinga, ndiye aliyewageuza waliobaki upande wako. Kejeli zote zile zilikuwa za mtu aliyekwisha kupita.

Hukujua. Nilidhani babu yako alikwambia. Labda naye alidhani umeona. Wewe mtoto wa hapa ughaibuni, shule ya Kiingereza, Ijumaa zako uwanjani. Nani angekufundisha maana ya birika?

Ulimnawisha Njeri, ukamnawisha Haji. Haji akasema, "Tumsajili huyu pamoja na fimbo ya bibi yake, wacheze zamu." Watu wakaanguka kwa kicheko. Opio alikuwa ameshanyoosha mikono, imejaa povu. Wewe ukaliweka birika mkekani, taratibu, kama unalaza mtoto, ukatoka. Nilikuita kutoka jikoni: "Rudi wewe! Birika haliachwi njiani!" Hukugeuka.

Sijutii kukukaripia, nitakukaripia mpaka nife. Najutia kuwa nilibaki kuchuja mchuzi, nikisema ataona aibu, atarudi kabla wali haujapoa. Haji alikufuata mpaka chini, akakuta umeshapanda teksi. Na wiki haikuisha, uko Maskati.

Walipokaa tena, Haji alisema anayeliacha birika ataiacha na timu. Wengine wakamfuata. Wakamchukua wa pasi za nyuma. Msimu mzima, nyuma, nyuma, nyuma. Njeri anasema hata kipa wetu amechoka kupewa mpira.

Ijumaa iliyopita Haji alikuja peke yake. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akalichukua lile birika, akasimama nalo kama mtu aliyesahau alichofuata. "Bi Mkubwa, mwambie arudi. Nitamnawisha mbele ya wote."

Nikamwambia, "Litue. Aliyeitia fimbo yangu mdomoni ni wewe, na hilo ndilo lililomtoa, si goti lake. Maneno yako mpelekee mwenyewe." Akalitua. Akaondoka bila kula, na Haji hajawahi kuondoka hapa bila kula.

Mimi sikwambii urudi kucheza. Goti ni lako, si la Haji, wala si langu. Lakini kokwa za tende bado naziweka, sijui kwa nini, zimejaa kopo. Njoo hata kama hutavaa jezi tena. Keti mkekani pale ulipoliacha birika, unyooshe mikono yako miwili, na usiseme neno.

Safari hii nitakunawisha mimi.

Ni mimi bibi yako, mama wa baba yako,
mwenye fimbo.