Kona ya Kushoto

Mjukuu wangu Masanja, mume wangu mdogo,

Huku Mpanda hatujambo. Mahindi ya shamba letu la kule Mwamkulu tumeshayaingiza ndani, na mama yako anakusalimu. Umeuliza kwa nini siku ile uliponipeleka Kibaoni na gari lako jipya nilikuegemea kwenye kona, wakati gari lenyewe limetulia.

Babu yako, kabla hajanioa, alikuwa na kigari cha zamani chenye springi laini. Kikikata kona kinalala upande. Kona ya kulia ilinibana mlangoni, ya kushoto ikanilaza begani kwake. Mara ya kwanza niliona aibu, nikashikilia kiti. Akasema, "Samahani dada, ni springi hizo." Tulicheka mpaka Kibaoni. Baadaye fundi wa Nsemulwa alitaka kuzibadilisha, babu yako akakataa. "Ziache," alimwambia, "hizo zina kazi."

Gari lako ni zuri. Linapita kona kama limesimama. Babu yako tumeshamzika, lakini kona ya kushoto ikifika mwili wangu bado unaenda wenyewe. Ukinipakia tena, usiniulize kama nina kizunguzungu. Sogeza bega tu.

Bibi yako na mkeo